Wawili Katika Nyumba ya Pampu

Jumatatu, 4 Machi

Muuguzi anayenikanda mkono ndiye aliyenipa daftari hili. Vidole viwili vya kulia bado vimekufa ganzi, na anasema niandike kila siku, hata mstari mmoja, ili viamke. Nikamuuliza niandike nini. "Chochote," akasema. "Hata matusi. Kwani nani atasoma?"

Haya basi. Leo tumeanza ziara ya kuandikisha askari wapya. Gari moja, watu watatu: dereva, ambaye ni mwanamke asiyefungua kinywa, Kapteni wa habari, na mimi na nishani yangu ya ushujaa. Tunazunguka viwandani wanakofanya kazi wageni, watu walioingia nchi hii kama nilivyoingia mimi, na begi moja na anwani ya mtu aliyekwisha kuhama. Mimi nasimama nawasimulia jinsi nilivyoishika nyumba ya pampu kando ya mto, peke yangu, kwa saa kumi na tisa, hadi kampuni nzima ya askari ikavuka daraja salama. Nikimaliza, Kapteni anawaambia kwamba mgeni akiingia jeshini, yeye na familia yake watapewa karatasi za ukaazi. Kisha inawekwa meza na watu wanapanga foleni.

Kabla ya vita Kapteni alikuwa akitunga matangazo ya sabuni redioni. Moyoni namwita Bwana Sabuni. Hotuba yangu ameiandika yeye, na chumvi aliyotia humo ingetosha kukaushia samaki.

Leo tulikuwa kiwanda cha kuku. Watu walinisikiliza wamesimama kwenye maji yenye manyoya, harufu ya manyoya yaliyochemshwa ikinipanda hadi kwenye utosi. Kabla sijapanda jukwaani, Bwana Sabuni alitemea mate leso yake akaisugua nishani ikiwa papo hapo kifuani mwangu. Halafu akatoa rangi ya mdomo, sijui ya mkewe, akalipaka kovu la shavuni. "Limeanza kupauka," akasema. "Wa nyuma hawalioni."

Kumi na wanane wamejiandikisha. Mvua imeanza.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Viwanda viwili. Nimesema maneno yaleyale mara mbili, na mara ya pili nilikuwa kama mtu anayetafuna chakula kilichokwisha kutafunwa na mwingine.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepewa siku moja ya kwenda nyumbani. Vyumba vyetu viwili viko juu ya duka la fundi viatu, kwa hiyo nguo zetu, mito yetu, hata nywele za mtoto, vyote vinanuka gundi. Mke wangu anapiga pasi mashuka katika hospitali ya jeshi. Ana alama za kuungua mikono yote miwili, mpya juu ya za zamani.

Binti yetu alipeleka shuleni picha yangu ya gazetini. Mwalimu amewaamuru watoto wampigie makofi. Mwalimu huyohuyo hadi mwezi uliopita alikuwa hajui hata jina lake, alikuwa akimwita "wewe wa dirishani". Mtoto amefurahi. Mimi nilitamani kwenda kumkwida yule mwalimu kola ya shati.

"Wamesemaje kuhusu karatasi zetu?" mke wangu akauliza, hata sijavua viatu.

"Mwezi wa tano."

"Tarehe ngapi?"

"Hawakutaja tarehe."

Akahesabu wiki kwa vidole, midomo ikicheza. Miaka minne sasa kila miezi mitatu anakwenda kugongewa muhuri wa kubaki, na kila mara karani anamtazama kama doa la shati.

Alhamisi, 14 Machi

Kiwanda cha kamba. Njiani Bwana Sabuni alikula mayai matatu ya kuchemsha ndani ya gari, vioo vimefungwa kwa ajili ya mvua. Anayamenya polepole, maganda anayaweka ndani ya kofia yake.

Leo dereva amesema kitu. Tulipokuwa tunaondoka alitazama kwenye kioo akasema, "Yule mama wa koti la njano. Juzi alikuwepo kwenye kiwanda cha chupa. Na kwa kuku pia alikuwepo."

Nikageuka. Mwanamke mwenye koti la mvua la plastiki alikuwa amesimama getini, kofia ya koti imemfunika uso.

"Una mpenzi, Sajini!" Bwana Sabuni akacheka, kiini cha yai menoni. "Siku nyingine tumpige picha."

Jumatano, 20 Machi

Kiwanda cha brashi. Ukumbi ulikuwa na joto, na yule mwanamke wa koti la njano, nyuma kabisa, akavua kofia ya koti lake.

Ni mke wa Msumeno.

Nilimaliza hotuba sijui vipi. Makofi yalipoanza nikashuka upande wa pili, nikapitia jikoni katikati ya masufuria, nikatokea uani, nikaingia garini nikajiinamisha chini ya kiti kama mwizi. Shujaa wa nyumba ya pampu, huyo.

Sasa niandike, maana humu hakuna wa kunisahihishia. Tulikuwa wawili.

Mimi na Msumeno tulikuja nchi hii mwezi mmoja, tukaingia jeshini siku moja. Jina hilo alipewa kambini kwa jinsi alivyokoroma. Siku ile kamanda aliamuru mimi nibaki na bunduki ya rashasha kwenye nyumba ya pampu, wengine wote wavuke daraja. Msumeno alikwenda na wengine. Kisha akarudi. Nilimwona anakuja mbio ameinama, kasha la risasi kila mkono. Akaingia, akasema, "Sogea huko, umekaa kama vile umelipia chumba chote." Alikaa nami hadi asubuhi. Kombora la mwisho liliangusha ukuta wa upande wa mto, naye ndiko alikokuwa. Mto ulikuwa umefurika. Hakuonekana tena.

Mimi niliokotwa sijitambui. Siku ya kumi na moja nilipozinduka, maelezo ya ushujaa wangu yalikuwa yamekwisha kupigwa chapa: peke yake. Kapteni alikuwa amekaa kando ya kitanda. Nikamwambia tulikuwa wawili. Akasema hilo litarekebishwa, tusaini kwanza, kwa sababu karatasi hii inakwenda pamoja na maombi ya mkeo na mtoto. Nikasaini kwa mkono wa kushoto. Hakuna kilichorekebishwa. Ng'ambo ya daraja walipoita majina, Msumeno hakuitika, na hakuwa na amri ya kurudi nyuma. Wakamwandika mtoro.

Nilijua. Tangu mwezi wa kumi na mbili najua.

Jumatano, 27 Machi

Nimetapika kabla ya kupanda jukwaani. Bwana Sabuni amesema ni sawa, uso ukisawajika kovu linatokeza vizuri.

Jumanne, 2 Aprili

Amenipata. Kiwanda cha matofali, nyuma ya kantini, nikinawa uso bombani. Nilipoinua kichwa yuko mbele yangu, matone yakimdondoka kwenye ukingo wa kofia.

"Shemeji," akasema.

"Shemeji."

"Umekonda."

"Na wewe umelowa."

"Mimi nimeshazoea. Umenikimbia mara tatu, shemeji. Kwenye brashi ulipitia jikoni."

Nikafunga bomba. Akatoa barua kifuani, ameifunga ndani ya mfuko wa mkate isilowe. Nikaisoma huku naishika kwa ncha za vidole. Mke wa askari mtoro hana haki ya kuishi nchini. Anatakiwa awe ameondoka ifikapo tarehe thelathini na moja Mei. Sahihi, muhuri, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, tunakushukuru kwa ushirikiano wako.

"Shemeji, nisikilize," nikaanza.

"Sikuja kukuomba kitu."

"Basi unanifuata kwa nini, kutoka kiwanda hiki hadi kile?"

"Ninakusikiliza. Naosha vyombo hotelini alfajiri, nikitoka nakuja kukusikiliza. Kila siku unasema peke yangu, peke yangu. Nasubiri siku ulimi utakapokuteleza." Akaikunja barua akairudisha kwenye mfuko wake wa mkate. "Mume wangu namjua. Hakuwa mtu wa kukimbia, alikuwa mtu wa kuchelewa. Hata harusini kwetu alichelewa. Nataka tu kujua safari hii alichelewa wapi."

Akanitazama machoni. "Alikuwepo?"

Ilikuwa ni neno moja tu. Ndiyo. Hata mtoto wa miaka miwili analiweza. Nikafungua kinywa, na hapo hapo Bwana Sabuni akaita kutoka mlangoni, "Sajini! Picha!"

Nikaenda. Nikapigwa picha nimeshika tofali.

Jumamosi, 6 Aprili

Nyumbani. Mtoto alipolala nilimwambia mke wangu kila kitu, tangu makasha mawili hadi mfuko wa mkate. Alikuwa anashona kifungo. Hakuinua macho. Alipomaliza akakata uzi kwa meno.

"Karatasi zetu zinatoka mwezi wa tano," akasema.

"Ndiyo."

"Basi nyamaza mpaka mwezi wa tano. Zikishakuwa mkononi, sema utakavyo."

"Mwezi wa tano ukiisha shemeji atakuwa amefukuzwa."

"Na ukisema leo, tutakaofukuzwa ni sisi. Nichagulie wewe, Baba. Nani apakie mizigo, yeye au mwanao?"

Nilimtazama akirudisha sindano kwenye kopo, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe nilimwonea kinyaa: vile vidole vyake vyenye alama za pasi, ile sauti ya kuhesabu. Nikaenda kulala sebuleni kwenye harufu ya gundi.

Nimeamka sasa hivi na nimelielewa jambo. Nilimwambia ili aseme alichokisema. Nilitaka mtu mwingine alibebe neno "nyamaza", mimi nibaki msafi. Kinyaa kile kilikuwa changu, nilikuwa nimemvisha yeye tu.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimejikaza nikamwambia Bwana Sabuni. Nikasema mke wa Msumeno yupo, barua nimeiona, tarehe imetajwa, naomba maelezo yangu yarekebishwe kama alivyoahidi.

Hakukasirika. Alinisogezea kiti kama mwalimu mpole.

"Sajini, nikufundishe kazi yangu. Tuliwahi kuwa na sabuni mbili nzuri, sawa kabisa. Nikazitangaza pamoja, hazikuuzika. Nikatangaza moja, ikaisha madukani. Watu wakisikia wawili walikaa mahali, wanasema basi ilitokea tu. Wakisikia mmoja, wanasema shujaa. Wawili ni ajali."

"Mmoja wa hao wawili amekufa."

"Na wewe hujafa. Ndiyo maana wewe ndiye uliye hapa." Akanipigapiga goti. "Faili la familia yako liko kwenye meza ambayo mimi napita kila Jumatatu. Nalisukuma mbele. Ningependa niendelee kulisukuma."

Mkono wake uliacha alama ya unyevunyevu kwenye suruali yangu. Nimeifua mara mbili, na sasa iko kwenye kamba haikauki, mvua haina mpango wa kuacha.

Jumatatu, 15 Aprili

Thelathini na mmoja wamejiandikisha. Mmoja wao, mtu mzima mwenye viganja kama koleo, alinishukuru huku analia.

Ijumaa, 19 Aprili

Nitaandika yote, hata vidole vikikataa.

Kiwanda cha nguo, saa sita mchana. Watu wapatao mia sita. Mashine zilikuwa zimezimwa, na ule ukimya ulikuwa unavuma masikioni. Redio ilileta maikrofoni yake, matangazo ya moja kwa moja nchi nzima. Bwana Sabuni alivaa viatu vipya. Alilipaka kovu rangi mara mbili, amesahau kwamba redio haina macho.

Nilimtafuta shemeji. Mwezi mzima sijapanda jukwaani bila koti la njano kuwa pale nyuma, na kila siku nimeomba lisiwepo. Leo halikuwepo. Nilitakiwa nishushe pumzi, lakini nikaendelea kulitafuta. Dereva akaja na glasi ya maji, akaniinamia kana kwamba ananiwekea sawa kola.

"Wamemtoa getini," akasema. "Kapteni aliwapa walinzi maelezo yake tangu asubuhi. Wamemvuta mpaka koti limechanika. Hakuwa anafanya kitu, Sajini. Alikuwa amesimama tu."

Nikaitwa. Makofi. Nikaanza kama kawaida, asubuhi ile, ukungu, daraja, amri. Nikafika pale ninaposema "nikabaki peke yangu," na neno likagoma kooni kama mwiba wa samaki. Nilijaribu tena. Halikutoka. Bwana Sabuni, akidhani ni hisia, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Huo ni uongo," nikasema.

Watu wa mbele wakatazamana.

"Nimewadanganya. Si ninyi tu, nimedanganya tangu kiwanda cha kuku. Tulikuwa wawili mle ndani. Kwenye redio, kama mnanisikia, tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa ameshavuka salama. Alirudi kwa hiari yake, amebeba makasha mawili ya risasi, kwa sababu nilizokuwa nazo zingekwisha kabla ya jua kuzama. Bila makasha yale msingekuwa na shujaa wa kumpaka rangi. Alikufa asubuhi, upande wa mto. Nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na maikrofoni hii. Jeshi limemwandika mtoro. Mke wake anafukuzwa nchini. Hivi ninavyosema, walinzi wenu wametoka kumchania koti hapo getini. Na mimi nilijua, nikasaini, kwa sababu niliahidiwa karatasi. Zilezile mtakazoahidiwa ninyi sasa hivi."

Hakuna aliyepiga makofi. Nashukuru. Ningetapika.

Mwanamke mmoja wa mbele, mtu wa mashine, nyuzi zimemjaa nywele kama mvi, akauliza, "Anaitwa nani?"

Nikalitaja jina lake, na la baba yake, na la babu yake. Yule mama akalirudia kwa sauti. Wa nyuma yake hawakulisikia vizuri, wakauliza, akawaambia. Nao wakawaambia walio nyuma yao. Likapita hivyo ukumbi mzima, mdomo hadi mdomo, mpaka likafika mlangoni na kutoka nje kwenye mvua.

Hapo ndipo Bwana Sabuni alipojipitisha kidole shingoni na mtu wa redio akazima mitambo. Lakini jina lilikuwa limeshakwenda.

Meza iliwekwa hata hivyo. Watu watatu walijiandikisha. Sikuwalaumu. Na mimi niliwahi kuwa kwenye foleni ile.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimefungiwa kwenye chumba kambini. Kitanda, ndoo, dirisha dogo. Daftari wameniachia, wamedhani ni la matibabu.

Bwana Sabuni alikuja bila kofia, maji yakimchuruzika. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Nilipoandika mara ya kwanza niliandika wawili," akasema. "Kuna askari walimwona anarudi. Waliniambia. Mkubwa mmoja akalipiga mstari jina lake. Alisema aliyevunja amri ya kuvuka hawezi kuwekwa kwenye maelezo ya ushujaa, litakuwa funzo baya."

"Iko wapi hiyo karatasi?"

"Niliichana."

Siku zote nilimwona ni mtu asiye na kitu ndani, mapovu tu. Nilikosea. Alikuwa anajua kabla yangu, na akijua hivyo akaweza kumenya mayai yake na kuyala hadi mwisho.

"Unanichukia?" akauliza.

"Nakuonea kinyaa. Na mimi mwenyewe pia. Toka, unalowesha sakafu."

Jumatano, 24 Aprili

Mvua. Ndoo. Mvua.

Jumapili, 28 Aprili

Leo nimesikia kwamba kamanda ameulizwa, akasema yeye aliacha mtu mmoja, anakumbuka amri yake mwenyewe. Kwa hiyo neno langu dhidi ya lake. Mwongo aliyekiri dhidi ya kanali. Nimelala nimeutazama ukuta.

Jumamosi, 4 Mei

Siku ya kutembelewa. Nilidhani mke wangu hatakuja, au atakuja na mizigo. Alikuja na mkate na sabuni ya kufulia, akakaa, akaficha mikono chini ya kanga.

"Nilikusikia redioni," akasema. "Tulikuwa tunapiga pasi. Niliunguza shuka la daktari mkuu."

"Nisamehe."

"Acha kwanza. Siku ile nilipokuambia unyamaze, ulinichukia."

"Ndiyo."

"Ulitaka nikuambie useme?"

"Hapana."

"Basi hapo tumemalizana." Akasogeza kiti. "Sasa sikia. Nilipoona neno umeshalimwaga na halizoleki, nikasema afadhali liwe na faida. Mimi nina kigari cha mashuka. Kigari cha mashuka kinaingia wodi yoyote, hakuna anayeniuliza unakwenda wapi. Wiki mbili nimepita kitanda kwa kitanda nikiuliza, kaka yangu, wewe ulikuwa kampuni gani? Wodi ya tisa nikampata mtunza ghala wenu. Wamemkata mguu."

Nilimkumbuka. Mtu mmoja mnoko, mwenye kalamu sikioni.

"Nikamtajia jina la shemeji yetu. Akaanza kutukana. Akasema, 'Yule! Amekuja watu wanatega baruti darajani, anataka makasha mawili. Nikamwambia bila sahihi hupati hata kokoto. Akasaini huku ananiita majina yote ya wanyama.' Nikamuuliza, kitabu kiko wapi? Akasema, 'Kitabu changu? Kiko hapa chini ya kitanda. Mguu niliuacha kule, kitabu sikukiacha.'"

Mke wangu hacheki ovyo, lakini hapo alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Kina siku, kina saa. Saa moja na nusu baada ya amri ya kuvuka. Na sahihi yake imo. Baba, mtoro gani anasaini risasi?"

"Kiko wapi sasa?"

"Nilikifunga tumboni nikatoka nacho getini kama mjamzito. Wakili wa chama cha wafanyakazi wa nguo ndiye aliye nacho. Yule mama wa mashine aliyekuuliza jina, ndiye aliyenipeleka."

Niliishika mikono yake juu ya meza, mbele ya mlinzi. Niliwahi kuitazama mikono hii nikaiona michafu. Bora nisiandike zaidi.

Alhamisi, 16 Mei

Baraza. Maofisa watano, meza ndefu, sahani ya biskuti katikati. Walikipitisha kitabu cha mtunza ghala mkono kwa mkono, wakatia makombo kwenye kurasa. Mtunza ghala aliletwa kwa kiti cha magurudumu na kila walipotia makombo alisema, "Taratibu na kitabu."

Uamuzi ulisomwa saa tisa. Mwenzangu ameondolewa kwenye orodha ya watoro na kuandikwa amekufa vitani akiwa kazini. Hapewi nishani, kwa kuwa alirudi bila amri. Barua ya kumfukuza mkewe imefutwa. Mimi, kwa kusaini maelezo ya uongo, nimevuliwa usajini na kupelekwa jikoni kambini. Nishani nibaki nayo: kuniondolea kungelazimu kutangaza sababu. Maombi ya familia yangu yarudi mwisho wa foleni. Mwaka, pengine zaidi.

Bwana Sabuni amehamishiwa makao makuu. Amepandishwa cheo.

Nikaivua nishani nikaiweka mezani, kando ya biskuti. Ofisa wa katikati akairudisha kwa kalamu, hakutaka hata kuigusa. "Huwezi kukataa," akasema. "Hakuna fomu ya kukataa."

Mke wangu alikuwa ananisubiri nje kwenye ngazi. Nikamwambia. "Mwaka," akasema. Akasimama kidogo, akapangusa maji usoni, yalikuwa ya mvua au si ya mvua. "Twende. Mtoto yuko peke yake."

Jumatatu, 20 Mei

Nimemenya viazi magunia mawili. Hakuna aliyenipigia makofi. Siku nzuri.

Alhamisi, 30 Mei

Jua. Barabara zinatoa mvuke.

Shemeji alikuja nyumbani asubuhi. Amevaa gauni la kahawia na viatu vya safari. Mke wangu akamchemshia chai. Hakuinywa mpaka aliponiambia, "Haya, shemeji. Nisimulie. Si ile ya viwandani."

Nilimsimulia kuanzia kambini hadi ukuta ulipoanguka. Nilimwambia alichosema alipoingia na makasha, jinsi tulivyogawana sigara yenye maji, jinsi alivyolalamika usiku kucha kwamba mimi napiga risasi kama mtu anayemwagilia bustani. Alitaka kujua kama mumewe aliita. Nikamwambia hakuwahi, ukuta ulikwenda naye. Alitaka kujua kama alikuwa na njaa. Nikasema ndiyo. Hapo ndipo alipolia, kwa njaa ile, si kwa ukuta. Mke wangu akamshika bega.

Alipotulia akanywa chai yake yote, iliyopoa.

"Nimekata tiketi," akasema. "Naondoka leo."

"Shemeji, barua imefutwa! Unaweza kukaa."

"Najua. Ndiyo maana nilingojea ifutwe. Nisingekubali wanitoe kama takataka. Sasa natoka kwa miguu yangu, mjane wa mtu aliyekufa akiwa kazini. Ninyi mna mtoto, kaeni, pigeni foleni yenu. Mimi nchi hii nimeiona, shemeji. Inanitia kichefuchefu."

"Na mimi?" Sijui kwa nini niliuliza.

Alifikiri. Hakuwa na haraka ya kunipendeza. "Wewe pia bado," akasema. "Labda itapungua."

Tulimsindikiza hadi kituo cha basi, sisi watatu, mtoto ameshika ukingo wa gauni lake. Alimbusu mtoto. Alimkumbatia mke wangu, wakanong'onezana kitu ambacho sikukisikia na sikuuliza. Mimi nilinyoosha mkono. Akautazama, akaniwekea humo mshikio wa sanduku lake.

Lilikuwa zito. Nikapanda ngazi ya nyuma ya basi, nikalifunga juu kwa kamba, nikalivuta kuhakikisha halitaanguka, nikashuka. Alikuwa ameshaingia, amekaa upande wa pili, haonekani.